Mchumia Juani: Kibarua wa Shamba na Sheria ya Ujira katika Marekani

Sheria husifiwa kwa wale inaowakinga, lakini tabia yake hujulikana zaidi kwa wale inaowaacha nje ya mlango. Tarehe 25 Juni, 1938, Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alitia sahihi sheria ya ujira wa haki, na siku ile ikahesabiwa kuwa siku ya ushindi kwa wafanyakazi wa nchi yake. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi ambaye kazi yake ilihusiana na biashara baina ya jimbo na jimbo hakuweza kulipwa chini ya senti 25 kwa saa, na kima hicho kilipangiwa kupanda hata senti 40 katika muda wa miaka saba. Juma la kazi lilianza na saa 44, likateremshwa hata saa 40 katika mwaka wa tatu, na kila saa iliyozidi ililipwa ujira mmoja na nusu. Baada ya miaka ya dhiki na ukosefu wa kazi iliyoanza mwaka wa 1929, hayo hayakuwa mambo madogo.

Walakini ndani ya sheria hiyo hiyo palikuwa na kifungu kifupi kilichosema kwamba mtu aliyeajiriwa katika kilimo hahusiki na kima cha chini cha ujira wala na malipo ya saa za ziada. Ili pasiwe na shaka, neno kilimo lilifafanuliwa kwa upana mkubwa: kulima, kupanda na kuvuna, kukamua ng'ombe, kufuga mifugo, nyuki, kuku na wanyama wa manyoya, na kazi nyingine yoyote iliyofanywa na mkulima, au iliyofanywa shambani, kwa kufuatana na kilimo, hata kuyatayarisha mazao kwa soko na kuyapeleka ghalani. Mahali pa kutoa haki sheria ilitumia maneno yenye mipaka. Mahali pa kunyima ilitumia neno pana kama bahari. Waswahili husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Sheria ya 1938 ilijenga kivuli kizuri, kisha ikamwamuru mchumia juani abaki juani.

Ili kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo, yapasa kuuliza ni nani waliokuwa mashambani. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1930, zaidi ya nusu ya Waamerika weusi waliokuwa na kazi walikuwa ama katika kilimo ama katika utumishi wa nyumbani. Huko California mazao yalichumwa na Wameksiko, Wafilipino na Wajapani, na baada ya ukame wa miaka ya 1930 wakaongezeka maelfu ya Wazungu maskini waliohama Oklahoma na majimbo ya jirani. Sheria haikutaja rangi ya mtu hata mmoja, wala haikuhitaji kuitaja: ilitaja kazi, na kazi zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa rangi zamani. Mwaka wa 1935, Baraza la Seneti lilipokuwa likifikiri mswada wa bima ya uzeeni na ya ukosefu wa kazi, Charles Houston, wakili wa chama cha NAACP, aliufananisha mswada ule na chekeche ambalo matundu yake yalikuwa na kiasi cha kuwapitisha watu weusi walio wengi waanguke chini. Sheria iliyotokana na mswada huo iliwaacha nje vibarua wa shamba na watumishi wa nyumbani. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka huo huo iliwaacha vile vile. Ile ya 1938, kwa habari ya vibarua wa shamba, ilifuata njia iliyokwisha kukanyagwa mara mbili.

Nguvu iliyoikanyaga njia hiyo ilikuwa Kusini. Katika majimbo ya pamba watu weusi walizuiwa kupiga kura kwa kodi ya kura na kwa hila nyingine, na kwa hiyo wabunge wa huko walichaguliwa tena na tena bila ya upinzani wa maana. Kwa kuwa uenyekiti wa kamati za Bunge ulikwenda kwa waliokaa miaka mingi, watu hao ndio waliokuwa na funguo za malango. Wakati wa majadiliano ya 1937, mbunge James Mark Wilcox wa Florida alisema waziwazi kwamba mtu mweusi na mtu mweupe hawawezi kuwekwa katika daraja moja ya ujira. Mswada ulizuiliwa katika kamati kwa muda mrefu, hata mwezi wa Mei 1938 wabunge 218 walipotia sahihi ombi la kuutoa kwa nguvu. Mswada uliokuwa na shida kiasi hicho ya kupita ukiwa umewaacha vibarua wa shamba usingalipita ukiwa umewachukua. Wao ndio waliokuwa bei ya sheria, na bei hiyo ililipwa bila ya wao kuulizwa.

Si haki kudai kwamba chuki ya rangi ilikuwa sababu pekee. Waliotetea kifungu kile walikuwa na hoja zao. Walisema kwamba mkulima hapangi bei ya mazao yake, bali huipokea kama ilivyo sokoni. Kwamba kibarua hupewa nyumba na chakula ambavyo ni vigumu kuvihesabu kwa senti. Kwamba kazi ya shamba hufuata mvua na jua, si saa ya ukutani. Na kwamba serikali haiwezi kupeleka wakaguzi katika mamilioni ya mashamba. Hoja hizi zina uzito, na mtu aliyepata kulima hawezi kuzicheka.

Lakini serikali ile ile ilizijibu kwa matendo yake yenyewe. Kuhusu bei, mwezi wa Februari 1938, miezi minne tu kabla ya sheria ya ujira, ilipitisha sheria ya kuzitegemeza bei za pamba, ngano, mahindi, tumbaku na mpunga. Mkono wa serikali uliweza kulishika robota la pamba, ila haukuweza kumshika aliyeichuma. Kuhusu ugumu wa kusimamia, Sheria ya Sukari ya 1937 iliwataka wakulima wa miwa na viazisukari waliopokea fedha za serikali wawalipe vibarua wao ujira wa haki uliopangwa na Waziri wa Kilimo. Basi jambo lililosemwa kuwa haliwezekani lilikuwa likifanyika. Kisha mwaka wa 1942, kwa ajili ya vita, Marekani ilipatana na Meksiko iletewe vibarua wa mkataba, nayo Meksiko ikashurutisha kwamba watu wake wasilipwe chini ya senti 30 kwa saa. Ikawa mgeni ana kima cha chini katika shamba ambalo mwenyeji hana. Meksiko iliwaombea watu wake jambo ambalo Marekani haikuwapa wake.

Kwa kuwa haki yote ilining'inia katika neno moja, mahakama zilishughulika kwa miaka mingi kulipima neno hilo. Waliofungasha na kusindika mazao waliachwa nje ya ulinzi ikiwa walifanya kazi ndani ya eneo la uzalishaji, na afisa aliyepewa kulifafanua eneo hilo aliingiza ndani yake hesabu ya watu: mahali penye wafanyakazi wasiozidi saba palikuwa ndani ya eneo, na penye zaidi palikuwa nje. Mwaka wa 1944, katika kesi ya kiwanda kimoja cha matunda cha Florida, Mahakama ya Juu iliamua kwamba eneo ni jambo la mahali na si la idadi ya watu. Mwaka wa 1949 iliamua kwamba walinzi wa mifereji na mabwawa wa kampuni moja ya maji huko Colorado hawakuwa wakulima, kwa maana kampuni haikulima chochote. Na kabla ya mwaka kwisha Bunge likaibadili sheria ili watu wa namna hiyo watolewe tena. Mwaka wa 1955 ilikuja kesi ya shamba la miwa la Hawaii. Mahakama ilikubali kwamba wanaoendesha gari la moshi la shamba, wakipeleka miwa kinuni, wamo katika kilimo. Lakini wanaoisaga miwa hiyo kinuni hawamo. Hivyo muwa mmoja ulivuka mpaka wa sheria mlangoni mwa kinu, na mpaka huo ulitenga wenye haki ya kima cha chini na wasio nayo.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwezi wa Novemba 1960, siku moja baada ya sikukuu ya shukrani ambapo Waamerika hula na kushiba, Edward R. Murrow alionyesha katika televisheni maisha ya vibarua wanaohama kufuata mavuno, na watazamaji wengi wakaona kwa mara ya kwanza mikono iliyowalisha. Mwisho wa 1964 mpango wa vibarua wa Meksiko ulikomeshwa. Mwezi wa Septemba 1965, huko Delano katika California, wachuma zabibu Wafilipino chini ya uongozi wa Larry Itliong waligoma wakidai dola 1.40 kwa saa. Baada ya siku nane Wameksiko waliokuwa pamoja na Cesar Chavez wakawaunga mkono. Katika masika ya 1966 walitembea kwa miguu kutoka Delano hata Sacramento, makao makuu ya jimbo. Tarehe 23 Septemba mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi mabadiliko yaliyomwingiza kibarua wa shamba katika kima cha chini, miaka 28 baada ya kuachwa nje.

Aliingizwa, lakini si kwa mlango mkubwa. Tangu Februari 1967 ujira wa chini wa shamba ulikuwa dola 1.00, hali wafanyakazi waliolindwa tangu zamani walipata dola 1.40. Mashamba yaliyohusika yalikuwa yale tu yaliyotumia zaidi ya siku-kazi 500 katika robo moja ya mwaka. Madogo yalibaki nje. Vima viwili havikulingana mpaka Januari 1978, vilipokuwa dola 2.65 vyote. Hata hivyo, hatua hiyo haikuwa bure. Wachumi Ellora Derenoncourt na Claire Montialoux, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2021, walionyesha kwamba kupanuliwa kwa sheria mwaka wa 1966, katika mashamba na katika kazi nyingine zilizokuwa zimeachwa, ndiko kulikoleta zaidi ya sehemu moja katika tano ya kupungua kwa tofauti ya mapato baina ya weusi na weupe katika miaka iliyofuata. Wala hawakuona kwamba kazi ziliangamia kama ilivyohofiwa.

Malipo ya saa za ziada ndiyo yaliyobaki mbali zaidi, kwa kuwa sheria ya taifa haikuyafikisha shambani. Majimbo machache yalijitengenezea njia. California ilipitisha sheria mwaka wa 2016, na juma la saa 40 likawafikia vibarua wa waajiri wakubwa mwaka wa 2022 na wa waajiri wadogo mwaka wa 2025. New York ilianza na saa 60 mwaka wa 2020, kwa nia ya kushuka hata 40 mwaka wa 2032. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba kuwanyima wakamuaji wa ng'ombe malipo hayo kulivunja katiba ya jimbo inayowalinda wenye kazi za hatari.

Historia hii yafundisha kwamba kuacha mtu nje ya sheria ni jambo jepesi, na kumrudisha ndani ni jambo zito. Kifungu kiliandikwa katika majira mamoja ya mapatano ya kisiasa. Kukifuta sehemu kulichukua maisha ya kizazi kizima, na masalio yake yaliwangoja wajukuu. Tena yafundisha jinsi neno linavyoweza kutumikia mabwana wawili. Jina la mkulima lilipotajwa Bungeni, wasikilizaji walimwona mtu mwenye jembe na jasho. Lakini faida ya kifungu ilimwendea mwenye shamba, na hasara yake ikamwendea mwenye jembe. Basi msomaji wa sheria yoyote ya kazi, baada ya kusoma kiasi cha ujira uliowekwa, na asome pia maana za maneno yake, maana huko ndiko wengine huachiwa juani.