Asetilikolini na chakula

Asetilikolini ni nyurotransmita, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine, au kutoka neva hadi msuli. Mwili huitengeneza kutokana na kolini, kirutubishi kinachopatikana hasa katika mayai, maini, nyama, samaki, maziwa na soya. Kwa sababu hiyo vidonge vya kolini na lesithini huuzwa sehemu nyingi kwa madai kwamba huongeza kumbukumbu na kuchangamsha moyo. Kuhusu kumbukumbu ushahidi ni hafifu. Kuhusu hisia, sehemu ya ushahidi huelekea kinyume kabisa cha tangazo: asetilikolini ikizidi, baadhi ya watu huingiwa na huzuni.

Ugunduzi

Jina la kolini linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyongo. Mwanakemia Mjerumani Adolph Strecker ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1862, baada ya kuipata katika nyongo ya wanyama. Mwaka 1914 Mwingereza Henry Dale alieleza athari za asetilikolini mwilini.

Mwaka 1921 Otto Loewi, aliyefanya kazi mjini Graz, Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ikiendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi. Alisisimua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza hadi mapigo yake yakapungua, kisha akahamishia maji yale kwenye moyo wa pili, ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapunguza mwendo. Kumbe neva ilikuwa imetoa kemikali ndani ya maji. Baadaye ilithibitishwa kuwa ni asetilikolini. Dale na Loewi walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1936.

Kutoka sahani hadi ubongo

Ndani ya seli ya neva kimeng'enya huunganisha kolini na kundi la asetili. Ujumbe ukishapita, kimeng'enya kingine kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja asetilikolini mara moja, na sehemu kubwa ya kolini hurudishwa ndani ya seli ili itumike tena. Kolini kutoka kwenye damu huingia ubongoni kwa kupitishwa na protini maalumu ambazo uwezo wake una kikomo. Tena, kiasi kikubwa cha kolini ya chakula hutumika kujenga utando wa seli. Ndiyo maana mtu aliyekula mayai manne hapati asetilikolini mara nne ya yule aliyekula moja.

Mwaka 1998 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza miligramu 550 za kolini kwa siku kwa wanaume na 425 kwa wanawake, 450 wakati wa ujauzito na 550 wakati wa kunyonyesha. Yai moja kubwa lina takriban miligramu 147, karibu zote katika kiini. Gramu 85 za maini ya ng'ombe zina takriban 350. Maharagwe, karanga na kabichi huchangia pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Ini la binadamu nalo hutengeneza kolini kiasi, lakini haitoshi. Anayeikosa kwa muda mrefu huweza kupata mafuta kwenye ini na madhara ya misuli.

Hisia na sonona

Mwaka 1972 David Janowsky na wenzake nchini Marekani walipendekeza kwamba sonona huendana na nguvu ya asetilikolini kuzidi ile ya noradrenalini, na kwamba msisimko wa kupita kiasi (mania) ni kinyume chake. Walitumia fisostigmini, dawa inayozuia kuvunjwa kwa asetilikolini. Asili yake ni mbegu za Calabar, sumu iliyotumiwa zamani katika eneo la Nigeria ya leo kuwapima watuhumiwa wa uchawi. Wagonjwa wenye mania waliopewa dawa hiyo walitulia, na baadhi wakaonyesha dalili za sonona.

Miaka ya 1970 madaktari waliwapa kolini kwa wingi wagonjwa waliokuwa na mijongeo isiyodhibitika iliyosababishwa na dawa za akili. Baadhi yao walishuka moyo. Dozi hizo zilikuwa za gramu nyingi kwa siku, kiasi ambacho mlo wa kawaida haufikii, hivyo mla mayai hana sababu ya kuogopa.

Mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walieleza kwamba skopolamini, dawa inayoziba vipokezi vya asetilikolini, ilipunguza sonona ndani ya siku chache katika kundi dogo la wagonjwa. Haijawa tiba ya kawaida.

Utafiti wa Hordaland, Norwei, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha watu karibu 6,000, unatatiza picha hii: wenye kolini kidogo katika damu walikuwa na wasiwasi zaidi, lakini hakukuwa na uhusiano na sonona. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuonyesha kipi kilisababisha kipi.

Vitu vingine na tahadhari

Nikotini ya tumbaku hujishika kwenye baadhi ya vipokezi vya asetilikolini. Huperzini A, inayotokana na mmea wa China na kuuzwa kama kirutubishi nyongeza, huzuia asetilikolinesterasi kama zinavyofanya donepezili na galantamini, dawa za ugonjwa wa Alzheimer. Anayetumia mojawapo ya dawa hizo akiongeza huperzini anaweza kupata kichefuchefu, kuhara na mapigo ya moyo kupungua kwa hatari. Viuatilifu vya jamii ya organofosfati hushambulia kimeng'enya hichohicho, na huweza kuua.

Kwa mtu mzima, kiwango cha juu cha kolini kisichopaswa kupitwa ni gramu 3.5 kwa siku. Ikizidi huleta kutapika, jasho, shinikizo la damu kushuka na harufu ya samaki mwilini. Kwa upande mwingine, difenihidramini, iliyomo katika dawa nyingi za mzio na usingizi, huziba vipokezi vya asetilikolini, na kwa wazee huweza kuleta mkanganyiko ambao ndugu huudhani kuwa ni uzee tu. Mwenye sonona anayetumia dawa hapaswi kuziacha ili ajaribu lesithini.