Kuondoa programu ya zamani bila kumwacha mgonjwa

Vijana wenzangu wa Nakivale, ukitumwa hospitali Mbarara unaweza kuona muuguzi anatafuta faili lako kwa kompyuta. Vituo vingi vya afya Uganda vinatumia UgandaEMR. Hiyo imejengwa juu ya OpenMRS, programu ya wazi ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha bure. Ilianza 2004, na 2006 ikaanza kazi Eldoret, Kenya, kwa wagonjwa wa Ukimwi.

Miaka kumi baadaye kurasa zake za kwanza zilikuwa zimezeeka, tena zimeshikana na kiini cha programu. Lakini kuna kliniki zilikuwa bado zinazitegemea. Kuzifuta ghafla kungemwacha muuguzi bila ukurasa wa kufungulia faili.

Basi kwenye toleo la 2.0, mwaka 2016, zilitolewa kwenye kiini zikawekwa pembeni kama kipande cha kuongeza. Anayezihitaji anazifunga humo, asiyezihitaji anaendelea bila huo mzigo.

Cha zamani kitoke, sawa. Ila kwanza tuulize: nani bado anakitumia? Sisi tunaobadilishiwa kadi na orodha kila mara tunajua uzito wa swali hilo.