Hina: Nywele za Farao na Sifa Iliyotupita

Desemba 2024, kikao cha UNESCO kilichofanyika Asunción, Paraguay, kiliiingiza hina katika orodha ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Nchi 16 za Kiarabu ndizo zilizopeleka ombi, zikiwamo Oman, Yemen, Misri na Sudan. Kenya na Tanzania hazimo. Kwa anayejua jinsi mabibi wa Lamu, Mombasa na Unguja walivyoitwanga na kuipaka hina kizazi baada ya kizazi, hilo ni jambo la kuudhi.

Vijana wengi leo wanaijua hina kwa maua ya mikononi mwa bibi harusi. Kazi yake ya nywele imewekwa kando, ilhali ndiyo yenye kisa cha kusimulia.

Mwaka 1886, jijini Cairo, mtaalamu wa Misri ya kale Gaston Maspero aliifungua sanda ya Farao Ramesses II, akakuta kichwa cha mzee wa miaka kama 90 chenye nywele nyekundu zilizofifia. Kwa maoni yake, zilikuwa mvi zilizoshika rangi ya viungo vya kuhifadhia maiti. Basi, yakaishia hapo. Septemba 1976 maiti hiyo, iliyokuwa imeshambuliwa na kuvu, ilisafirishwa hadi Paris kutibiwa, ikapokewa kwa gwaride kama mfalme aliye hai. Huko, mtaalamu wa uchunguzi wa jinai, Pierre-Fernand Ceccaldi, aliziweka nywele zake chini ya hadubini na kutangaza kwamba mashina bado yana wekundu wa asili: Farao alizaliwa nao. Lakini kwa kuwa mzee wa umri huo huwa na mvi, ubishi ukahamia kwenye hina. Wapo wanaosema mzee alijipaka mwenyewe kuficha mvi. Wengine wanasema alipakwa na waliomhifadhi. Kwa maelezo yote mawili, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita mtu aliona mvi za mfalme hazifai kuachwa hivihivi.

Uislamu nao uliipa hina nafasi yake. Makka ilipofunguliwa mwaka 630, Abu Quhafa, babake sahaba Abu Bakr, aliletwa mbele ya Mtume Muhammad kichwa na ndevu zikiwa nyeupe pe. Ikaamrishwa zibadilishwe rangi, ila nyeusi iepukwe. Wazee wa pwani wenye ndevu za rangi ya chungwa wanakijua kisa hicho vizuri.

Kazi yenyewe haina haraka. Majani ya mhina hukaushwa, yakatwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Unga hukorogwa kwa maji ya vuguvugu na ndimu, wengine kwa chai ya rangi iliyokolea, ukaachwa mpaka uso wake ugeuke hudhurungi; hapo rangi imeanza kutoka. Hupakwa fungu kwa fungu, kichwa kikafungwa leso kuukuu kwa saa kadhaa. Mvi hutoka na rangi ya chungwa kali, kisha hukolea kwa siku mbili tatu. Nywele nyeusi huonyesha wekundu juani tu. Atakaye weusi hurudia kwa unga wa majani ya nili.

Mwaka 1907, Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele ya kemikali, na kampuni yake ikaja kuitwa L'Oréal. Kwetu ikaingia piko, rangi nyeusi ya dukani, na pakiti za "hina nyeusi" zenye parafenilenidiamini, kemikali inayoweza kubabua ngozi. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na unaikataza kupakwa ngozini. Hapa kwetu "hina nyeusi" inauzwa karibu na unga wa mhina, na mnunuzi haambiwi tofauti.

Kenya na Tanzania zimeridhia mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi huo usioshikika, na nchi nyingine zinaweza kuomba kuongezwa kwenye hina. Ombi hilo linataka ridhaa na maelezo ya wenye kazi yao. Wenye kazi wapo Lamu, Mombasa na Unguja, na maofisa wa utamaduni hawahitaji kwenda Paraguay kuwatafuta.