Saratani ya mapafu katika picha za kifua

Saratani ya mapafu katika picha za kifua huonekana kwa namna mbili: uvimbe wenyewe, au athari za uvimbe huo kuziba njia za hewa. Picha zinazotumika zaidi ni eksirei na CT-skani.

Katika eksirei, hewa huonekana nyeusi na mfupa huonekana mweupe. Uvimbe ndani ya pafu huonekana kama doa jeupe, mara nyingi lenye kingo zisizo laini. Doa dogo linaweza kufichwa na moyo, mbavu au mtulinga. Kwa hiyo eksirei safi haithibitishi kwamba saratani haipo.

== Kuziba kwa njia ya hewa ==

Bronki ikizibwa kabisa, hewa iliyobaki mbele ya kizuizi hufyonzwa na damu. Sehemu hiyo ya pafu husinyaa na kuwa nyeupe katika picha. Hali hiyo huitwa atelektasia. Koo la pumzi na moyo huweza kuvutwa kuelekea upande uliosinyaa, na kiwambo hupanda. Maji mengi yakijaa kifuani hutokea kinyume: viungo hivyo husukumwa upande wa pili.

Bronki ikizibwa nusu, hewa inaweza kuingia lakini isitoke vizuri. Pafu hubaki limejaa na jeusi hata mgonjwa anapotoa pumzi. Kwa watoto, chanzo cha kawaida si saratani bali kitu kilichopaliwa, kama vile karanga.

== Alama ya S ya Golden ==

Mwaka 1925 daktari Mmarekani Ross Golden alieleza alama inayoonekana hasa sehemu ya juu ya pafu la kulia inaposinyaa. Mpaka wa sehemu hiyo hupanda upande wa nje, lakini karibu na kitovu cha pafu huzuiwa na uvimbe na kubinuka chini. Mstari huo hufanana na herufi S iliyogeuzwa.

== Utambuzi ==

Kifua kikuu na nimonia huweza kufanana na saratani katika picha. Palipo na kifua kikuu kingi, baadhi ya wagonjwa hutibiwa ugonjwa huo kwanza, na saratani huchelewa kugunduliwa. Nimonia inayorudi mahali palepale, au doa lisiloondoka baada ya matibabu, huhitaji uchunguzi zaidi kwa CT-skani na bronkoskopia. Uthibitisho hupatikana kwa kupima kipande cha uvimbe kwa hadubini. Picha peke yake haitoshi.