Sindano Tano za Yambuku



Wapendwa, juma hili tunawaalika kuutazama ukurasa mmoja mzito wa historia ya Kanisa barani Afrika. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, palikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120, chini ya masista Wabelgiji. Haikuwa na daktari, lakini wagonjwa walitoka mbali kuifuata, nao waliiamini mno sindano.

Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu. Baada ya kumchoma mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha akachomwa mwingine. Mwishoni mwa Agosti, mwalimu mkuu wa shule ya misheni, aliyedhaniwa kuugua malaria, alichomwa klorokwini. Ugonjwa uliofuata haukuwa na jina. Baadaye uliitwa kwa jina la mto Ebola. Waliugua watu 318, wakafariki 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Masista nao walikufa, na hospitali ikafungwa.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu marehemu. Walibaki na wagonjwa wao hadi mwisho. Hata hivyo, ukweli hauna budi kusemwa: mkono ule ule uliohudumu kwa upendo ndio uliopeleka ugonjwa kitanda hadi kitanda. Kwamba sindano huchemshwa lilikuwa jambo la kale. Uhaba na mazoea vililishinda.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, nchini humo humo. Wahudumu wa afya wapatao 80 waliambukizwa, na masista sita Waitaliano walifariki. Glavu, barakoa na mafunzo vilipofika, maambukizi kati ya wahudumu yalikoma karibu kabisa.

Bwana wetu, alipowekwa juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujitupa chini ili malaika wamdake. Basi, muuguzi asiseme, “Mungu atanilinda,” huku hajanawa mikono. Nasi waamini tusimdai ushujaa hali zahanati yake haina sabuni. Tunapotoa sadaka kwa ajili ya wagonjwa, tukumbuke pia boksi la glavu.

Tuwaombee marehemu wa Yambuku na Kikwit. Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Wenu katika Kristo,
Paroko