Uwanja wa Olimpiki wa Montreal

Uwanja wa Olimpiki wa Montreal ni uwanja wa umma katika jimbo la Quebec, Kanada, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976. Hutajwa mara nyingi panapojadiliwa hatari za kujenga viwanja kwa fedha za walipakodi. Makisio ya awali yalikuwa dola za Kanada milioni 134. Gharama zikapita bilioni 1, na deni likamalizwa kulipwa mwaka 2006.

Mji ulipewa uenyeji Mei 1970. Meya Jean Drapeau alimkabidhi kazi msanifu Mfaransa Roger Taillibert bila kushindanisha michoro, akaahidi kwamba michezo ingejilipia yenyewe. Alidai kuwa Olimpiki haiwezi kuleta hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa. Hasara ilipojitokeza, mchora katuni mmoja alimchora meya akiwa mjamzito.

Mchoro wa Taillibert ulikuwa mzuri, tena mgumu mno: vipande vikubwa vya zege vya kuunganishwa angani, na mnara ulioinama, wenye urefu wa zaidi ya meta 160, wa kuvuta paa la kitambaa kwa nyaya. Kazi ilianza ilhali maswali mengi ya kihandisi hayajajibiwa. Ikafuata mifumuko ya bei ya miaka ya 1970, kisha migomo ya wafanyakazi iliyokula miezi.

Hapo ndipo ratiba ilipogeuka kuwa gharama. Nyumba ya kawaida ikichelewa, mwenyewe husubiri; Olimpiki haisubiri. Kila mwezi uliopotea ulifidiwa kwa zamu za usiku, malipo ya saa za ziada na kreni zilizosongamana, na mkandarasi anayejua kwamba mteja hana pa kukimbilia hana sababu ya kupunguza bei. Mwishoni mwa 1975 serikali ya Quebec iliunyang'anya mji mradi huo. Wafanyakazi zaidi ya 10 walikufa kazini.

Ufunguzi ulifanyika tarehe 17 Julai 1976, mnara ukiwa nusu na paa halipo. Siku haikusogezwa hata nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilipojitoa kupinga ushiriki wa New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeshika rekodi ya dunia ya meta 1500 wakati huo, hakukimbia kwenye michezo hiyo.

Mnara ulikamilika mwaka 1987. Paa lililowekwa hatimaye lilichanika mara kwa mara, na lile lililofuata likapasuliwa na theluji Januari 1999. Wavuta sigara wa Quebec ndio waliobeba sehemu kubwa ya deni, kupitia kodi maalumu ya tumbaku. Timu ya besiboli ya Expos ilihama mwaka 2004. Februari 2024 serikali ya jimbo ilitangaza kutumia dola milioni 870 kuweka paa jipya, ikieleza kwamba kuubomoa uwanja kungegharimu takribani bilioni 2.