Alinusurika Jela kwa Kugawa Programu Bure!

Leo ukituma meseji WhatsApp inajifunga yenyewe, anayeifungua ni uliyemtumia tu. Hakuna anayekuuliza kibali. Sasa rudi miaka ya 1990 kule Marekani: programu ya kufunga meseji namna hiyo ilikuwa kwenye orodha moja na makombora na vifaru. Siyo utani. Kuipeleka nje bila leseni ilikuwa kosa sawa na kusafirisha silaha.

Mwaka 1991 jamaa mmoja wa Colorado, mwanaharakati wa kupinga silaha za nyuklia, aliandika programu inayoitwa PGP na kuiachia bure. Ikapandishwa mtandaoni, na mtandao hauna afisa forodha, kwa hiyo haikuchukua muda ikavuka mipaka. Mwaka 1993 wapelelezi wa forodha wakaanza kumchunguza. Fikiria, karibu miaka mitatu unalala na kuamka ukijua unaweza kufungwa kwa kitu ulichogawa bure!

Utamu uko hapa. Sheria ilibana programu iliyo kwenye diski, ila kitabu kinalindwa na uhuru wa kujieleza uliomo kwenye katiba yao. Basi 1995 MIT Press ikachapisha PGP nzima, mstari kwa mstari, kama kitabu. Januari 1996 kesi ikafungwa bila mashtaka. Mwaka uliofuata toleo jipya lilisafiri hadi Ulaya kama vitabu, kurasa zaidi ya 6,000, watu wa kujitolea wakaziskani mpaka ikawa programu tena. Halali kabisa.

Wengine hawakutaka hata kujaribu bahati. Wale wa OpenBSD walikaa Kanada, na kazi yote ya usiri wakaifanyia nje ya Marekani. Debian nao walitenga programu za aina hiyo kwenye seva iliyokuwa nje ya nchi hiyo. Na wewe wa Dar au Nairobi? Netscape halali kwako ilikuwa ile ya kufuli dhaifu, biti 40, wakati Mmarekani ana 128. Mwaka 1995 Mfaransa mmoja alilivunja hilo la biti 40 kwa siku nane tu.

Januari 2000 serikali ikalegeza kamba. Miaka miwili baadaye Debian wakazirudisha programu zao Marekani, safari hii kwa kuiarifu serikali tu.